Askari aliyemuua Patrick Lyoya yuko huru: ile kinga ya polisi wa Marekani ndiyo iliyomwokoa?

#1 Kibwana wa Magomeni

Habari za saa hizi wakuu.

Tarehe 4 Aprili 2022 asubuhi, mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, askari polisi Christopher Schurr alisimamisha gari la kijana wa Kikongo, Patrick Lyoya, umri miaka 26, aliyeingia Marekani kama mkimbizi. Sababu: namba za gari haziendani na gari lenyewe. Askari akamwuliza kama anajua Kiingereza, akajibu ndiyo. Akaombwa leseni. Patrick akaanza kuondoka kwa miguu, wakakamatana, wakakimbizana kwenye ukoka wa watu, wakaishia kugombania teza, ile silaha ya shoti ya umeme. Mwisho wake uko kwenye video: Patrick kalala kifudifudi, askari yuko mgongoni kwake, bastola inaelekezwa kisogoni na inalia.

Askari akafukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 wale raia wa juri wakashindwa kukubaliana, jaji akaivunja kesi, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hairudii tena.

Msimamo wangu ni huu. Kilichomwokoa ni kile Wamarekani wanachokiita qualified immunity, yaani kinga yenye masharti ambayo Mahakama yao ya Juu imewavisha polisi. Hiyo ikiondoka, polisi watawajibika. Isipoondoka tutaendelea kuchangishana rambirambi. Karibuni.

#2 Nyundo Kinondoni

Nimekaa mstari wa mbele. Wanasheria wa humu jitokezeni.

#3 Wakili wa Pembeni

Mleta mada, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu kwa hilo, lakini umechanganya kesi mbili. Kinga yenye masharti haiingii kabisa kwenye kesi ya jinai. Schurr hakuitumia mbele ya juri na hakuwa na haja nayo. Alichosema ni kwamba alihofia maisha yake kwa kuwa teza ilikuwa mkononi mwa Patrick. Huo ni utetezi wa kujihami, na kwa sheria za Michigan upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuuvunja bila kuacha shaka. Juri ikagawanyika hapo.

Kinga yenye masharti inakaa kwenye kesi ya madai, pale raia au familia ya marehemu inapomfungulia askari kesi ya fidia. Sheria inayoruhusu kesi hiyo ni ya mwaka 1871. Bunge la Marekani liliitunga baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakati Ku Klux Klan, genge la wazungu wabaguzi, wanaua watu weusi Kusini na masherifu wanatazama, wengine wakishiriki. Inasema wazi: mtu yeyote anayetumia mamlaka ya jimbo kumnyima mwingine haki zake za kikatiba atawajibika kwa huyo aliyemdhuru. Neno kinga halimo.

Ililala karibu miaka tisini. Ikaamshwa mwaka 1961 na kesi ya Monroe dhidi ya Pape, familia ya watu weusi wa Chicago iliyovamiwa alfajiri na polisi, wakasimamishwa uchi sebuleni kwao. Mahakama ya Juu ikasema ndiyo, askari anaweza kushtakiwa. Miaka sita tu baadaye, 1967, mahakama hiyohiyo ikaanza kuwapa askari mlango wa kutokea: ukikamata mtu kwa nia njema, ukiamini sheria inakuruhusu, una utetezi. Kesi yenyewe ilihusu mapadri wa Kianglikana, weusi na weupe, waliokamatwa Jackson, Mississippi, kwa kuingia pamoja chumba cha abiria wa mabasi kilichokuwa cha wazungu tu. Mwaka 1982 wakaondoa hata hilo la nia, wakaweka kipimo tulichonacho leo.

#4 Dada Mwanaisha

@Wakili wa Pembeni asante. Sasa hayo masharti ya kinga ni yapi? Tueleze sisi tusiokwenda chuo cha sheria.

#5 Wakili wa Pembeni

Maswali ni mawili. Je, askari alivunja haki ya kikatiba? Na je, haki hiyo ilikuwa "imethibitishwa wazi" siku ile, kiasi kwamba askari yeyote mwenye akili timamu angejua? Jibu la swali lolote likiwa hapana, askari anatoka na kesi inaishia hapo.

Balaa liko kwenye swali la pili. "Imethibitishwa wazi" mara nyingi maana yake mdai alete hukumu ya zamani yenye mazingira yanayofanana sana na yake. Sikiliza mfano mmoja. Nashville, Tennessee, mwaka 2014, Alexander Baxter aliingia kwenye nyumba ya watu kuiba, polisi wakamkuta amejificha chini. Alikuwa ameketi sakafuni, mikono juu. Wakamwachia mbwa, akamng'ata kwapani, kwenye mkono uleule aliouinua. Mawakili wake walikuwa na hukumu ya nyuma ya mahakama ileile ya rufaa, iliyosema ni kosa kumwachia mbwa mtu aliyejisalimisha. Majaji wakajibu: yule wa zamani alikuwa *amelala chini*, huyu wenu *ameketi na mikono juu*, hiyo haitoshi kumjulisha askari. Kinga ikapita. Juni 2020 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Jaji Clarence Thomas peke yake ndiye aliyeandika kwamba ana mashaka makubwa na msingi wa kinga yenyewe, na huyo ni jaji wa mrengo wa kulia kabisa.

Halafu kumbukeni kwamba mahakama iliyomwamulia Baxter ndiyo mahakama ya rufaa ya kanda inayobeba Michigan. Familia ya Lyoya, kwenye kesi yake ya madai dhidi ya Schurr, inacheza kwenye uwanja huohuo.

#6 Otieno wa Kondele

Jameni. Yaani mtu aseme, "Nilikuwa nimekaa," na karao aambiwe hakujua? Huyo aliyemlinganisha aliyelala na aliyeketi alisomea wapi?

#7 Dereva wa Lori, Nebraska

Wakuu, hili mimi limenigusa mwilini.

Nilisimamishwa usiku kwenye barabara kuu, jimbo sitalitaja. Askari akasema nimegusa mstari. Sawa, nipe tiketi niende. Hakunipa. Akaniweka pembeni ya barabara, upepo unakata, akaita wenzake, wakalifungua trela wakatoa mzigo wa watu na kuuweka chini kwenye majani. Nilipowauliza wana kibali gani, mmoja akanikunja mkono nyuma mpaka bega likalia. Hawakupata kitu. Wakaniachia na mzigo chini, nikaupakia mwenyewe kwa mkono mmoja.

Nikaenda kwa wakili. Mama mmoja mzuri, alinisikiliza vizuri sana, picha za bega akaziona. Halafu akaniuliza, "Unajua kesi yoyote ya kanda yetu ambayo dereva alikunjwa mkono namna hii akiwa hajakataa amri?" Mimi nitaijulia wapi? Akaniambia ukweli: akifungua, mawakili wa upande wa pili wataomba kinga, wakikataliwa wanakata rufaa hapohapo kabla ya kesi kuanza, na inaweza kukaa miaka kabla juri haijaniona sura. Yeye analipwa tukishinda tu. Hakuichukua, na wala simlaumu.

Kwa hiyo anayehesabu kesi ambazo kinga imezizima mahakamani aongeze na zile zilizofia mezani kwa wakili.

#8 Afande Mstaafu

Nimevaa gwanda muda mrefu hapa Tanzania, na nitasema ambalo wengi humu hawataki kulisikia. Pole kwanza kwa Dereva, hiyo ya bega haikuwa kazi ya polisi.

Ila kazi hii inaamuliwa kwa sekunde. Hao Wamarekani wana kesi yao ya Graham dhidi ya Connor, 1989, inayosema nguvu ya askari ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo pale, isipimwe kwa macho ya mtu anayeangalia video nyumbani. Nakubaliana nayo. Na kule nchi imejaa silaha, kila dirisha la gari unalolisogelea linaweza kuwa na bastola. Ukimwambia kijana wa polisi kila uamuzi wako unaweza kukupokonya nyumba ya watoto wako, atakaa ndani ya gari. Wahalifu watafurahi.

Kinga haiwalindi wajinga wala wenye nia mbaya. Mahakama yao ilitamka mwaka 1986 kwamba wanaobaki nje ya ulinzi ni wale wasioiweza kazi kabisa na wale wanaovunja sheria kwa makusudi.

#9 Bint Saidi

@Afande Mstaafu shikamoo. Hoja ya sekunde naielewa. Sasa nieleze hii ya Fresno, California.

Polisi waliingia kwa kibali cha mahakama kwenye nyumba na ofisi za wafanyabiashara wawili. Wakaandika kwenye karatasi kwamba wamechukua kama dola 50,000. Wafanyabiashara wakasema zilizoondoka ni zaidi, na kwamba askari waliiba zaidi ya dola 225,000, taslimu pamoja na sarafu adimu. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikaamua hivi: hata kama ni kweli waliiba, na hata kama walipaswa kujua kuiba ni vibaya, hapakuwa na hukumu ya nyuma iliyothibitisha wazi kwamba askari kuiba mali aliyoichukua kwa kibali kunavunja Katiba. Kinga. Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza.

Hapo sekunde ziko wapi? Nani alikuwa na bastola dirishani?

#10 Afande Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hiyo ni mbaya, sitaitetea. Lakini wizi una kesi ya jinai. Wapelekwe huko.

#11 Otieno wa Kondele

Afande, ukienda jinai unaambiwa nenda madai, ukienda madai unaambiwa nenda jinai. Mwananchi atembee mpaka soli iishe?

#12 Hesabu Kamili

Mnapigana kwenye geti ambalo si lenyewe. Fuateni pesa.

Profesa Joanna Schwartz wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikusanya takwimu za malipo ya kesi za polisi kwenye majiji makubwa ya Marekani kati ya 2006 na 2011. Askari wenyewe walichangia asilimia 0.02 ya fedha walizolipwa wadai. Kilichobaki chote kilitoka kwenye mfuko wa umma. Mwajiri anamlipia askari, iwe kwa sheria, kwa mkataba wa chama chao, au kwa mazoea.

Kwa hiyo nyumba ya watoto anayoihofia Afande haijawahi kuwa hatarini. Na hoja ya mleta mada nayo inayumba: ukiiondoa kinga kesho, askari bado hatatoa senti. Minneapolis ililipa dola milioni 27 kwa familia ya George Floyd, Louisville dola milioni 12 kwa familia ya Breonna Taylor, wote wawili watu weusi waliouawa na polisi mwaka 2020. Nani alilipa? Wenye nyumba na wenye maduka, kupitia kodi zao. Mpaka maumivu yamfikie aliyefanya, au bajeti ya kituo chake, hakuna kitakachobadilika, kinga iwepo isiwepo.

#13 Kibwana wa Magomeni

@Wakili wa Pembeni nimekusoma kuhusu jinai na madai, na nazidi kushikilia hapohapo. Mahakama ikishawaambia polisi kwa miongo yote hiyo kwamba madai hayawafikii, wanaingia kazini na hiyo akili. Ile bastola kisogoni imetoka kwenye mafunzo na mazoea, na mazoea yamelelewa na mahakama. @Hesabu Kamili, ukiona umma unalipa milioni 27 ujue kesi ilifika mahali jiji likaogopa. Kinga inazizuia nyingi zisifike hapo. Dereva hajalipwa hata dola moja.

#14 Mama Furaha GR

Jambo kwenu bote. Mimi ni Mukongomani, ninaishi hapahapa Grand Rapids.

Nimesoma majibu yote. Munazungumuza sheria vizuri, lakini hapa kwetu ile siku haikukuwa sheria. Papa wa Patrick alisimama mbele ya waandishi akasema kwa Kiswahili, mukalimani akageuza kwa Kiingereza, na sisi tuliokuwa tunasikiliza tulisikia mara mbili. Kiswahili chake kilikuwa kinakuja na kilio ndani, Kiingereza kikatoka kikavu. Watu wengi wa hapa walilia kwa ile ya kwanza.

Sisi tulikimbia vita. Tulikuwa tunajua askari ni mutu wa kukimbia, ukimuona unaondoka. Kule kukimbia ndiko kuliponya watu. Huku wanasema ukikimbia ni kosa lako. Sasa kanisani kwetu vijana wanafundishwa: mikono juu ya usukani, usishuke, usiguse mufuko, sema kila kitu kabla ya kufanya. Mutoto wangu wa kwanza alipopata leseni nilimukalisha kwenye kiti jikoni tukafanya mazoezi, mimi polisi, yeye dereva. Alicheka mwanzo. Mimi sikucheka.

Ninauliza: tuliambiwa muji wa Grand Rapids umetolewa kwenye kesi ya madai, amebaki ule askari peke yake. Kwa nini? Yeye alivaa nguo ya nani?

#15 Dada Mwanaisha

Mama Furaha, pole sana mama yangu. Mungu akulindie huyo kijana.

#16 Wakili wa Pembeni

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Mwaka 2023 jaji wa shirikisho aliiondoa kweli Grand Rapids kwenye kesi. Chanzo ni hukumu ya 1978, kesi ya Monell dhidi ya idara moja ya jiji la New York. Kabla ya hapo majiji hayakushtakika kabisa kwa sheria ile ya 1871. Monell ikafungua mlango, lakini nusu: jiji halibebi kosa la mfanyakazi wake kwa sababu tu ni mfanyakazi wake. Lazima uonyeshe sera, desturi, au mafunzo mabovu ya jiji yaliyosababisha dhara. Kumbuka mwenye kampuni ya mabasi hana bahati hiyo, dereva wake akigonga mtu kampuni inalipa.

Na hapa panauma. Jiji halina kinga yenye masharti, hilo liliamuliwa 1980. Askari anayo. Kwa hiyo mwenye pesa unahangaika kumfikia kwa sababu ya Monell, na uliyemfikia ana kinga.

#17 Nyundo Kinondoni

Sasa jamani tulinganishe na kwetu. Hapa unamshtaki nani? Unaipa Serikali notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu, unakwenda Mahakama Kuu. Mwenye kibanda cha chipsi aliyevunjiwa kioo cha kabati na askari wa doria ataziweza hizo?

#18 Mzee wa Mahenge

Na kesi ya Zombe, yule afisa wa polisi wa Dar, hamuisemi? Januari 2006, wafanyabiashara wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliuawa mikononi mwa polisi Dar. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia washtakiwa wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Bageni, kwa adhabu ya kunyongwa. Hakuna kinga ya Kimarekani hapo, na bado imechukua miaka kumi kumpata mtu mmoja. Tatizo ni upelelezi: polisi ndiye anayempeleleza polisi.

#19 Otieno wa Kondele

Mzee umegusa penyewe. Sisi Kenya tuliunda IPOA kwa sheria ya 2011 ili raia wachunguze polisi. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi waliuawa Juni 2016, na mteja alikuwa ndiye amemshtaki afisa wa polisi. Hukumu ikatoka 2022, Februari 2023 afisa Leliman akapewa hukumu ya kifo, maafisa wenzake wawili na raia mmoja vifungo. Inawezekana, lakini mawakili waliandamana barabarani ndio ikaenda. Kuna nyingi ambazo hakuna aliyeandamana.

#20 Bint Saidi

Rudini Michigan wazee wangu, hayo yafungulieni uzi wake nitakuja.

@Wakili wa Pembeni, nina moja. Nimesoma kwamba mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliwaruhusu majaji kuruka swali la kwanza. Yaani jaji anaweza kusema, sitaamua kama haki ilivunjwa, naamua tu kwamba haikuwa imethibitishwa wazi. Sasa itathibitishwa lini? Ni sawa na mwenye duka anayekataa kukukopesha mpaka uonyeshe deni ulilowahi kumlipa, na hajawahi kukukopesha.

#21 Wakili wa Pembeni

Ndivyo ilivyo. Wa kwanza anakosa kwa sababu hakuna aliyemtangulia, na kwa kuwa jaji hakutamka lolote, wa pili naye hana aliyemtangulia. Haki kwa upande wa pili niseme: mara chache Mahakama ya Juu imekataa upuuzi. Mwaka 2002 ilikataa kuwapa kinga walinzi wa gereza la Alabama waliomfunga mfungwa kwenye nguzo juani kwa muda wa karibu saa saba. Mwaka 2020 ikafanya hivyo kwa mfungwa wa Texas aliyewekwa siku sita kwenye seli zilizojaa kinyesi. Mahakama ya chini ilikuwa imewapa kinga maafisa wale kwa hoja kwamba siku sita hazikuwa zimewahi kuamuliwa.

Na jingine ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2023 Profesa Alexander Reinert alionyesha kwamba sheria ya 1871 kama Bunge lilivyoipitisha ilikuwa na maneno ambayo hayamo kwenye vitabu vya sheria vya leo. Yalisema askari atawajibika hata kama kuna sheria, desturi au mazoea ya jimbo yanayosema kinyume. Sheria zote za shirikisho zilipokusanywa kwenye juzuu moja mwaka 1874, maneno hayo yakaachwa. Mahakama ya Juu ikajenga kinga juu ya desturi za zamani za sheria za majimbo, zilezile ambazo Bunge lilisema zisihesabiwe. Jaji Don Willett wa mahakama ya rufaa ya kanda ya Texas aliyazungumza kwenye maoni yake mwaka huohuo.

#22 Kibwana wa Magomeni

Nimesimama kwenye kiti. Maneno ya sheria yaliachwa miaka mia moja na hamsini na watu wanaendelea kuzikwa? Na hamkuniambia mapema? Hii peke yake inatosha kuivunja kinga yote.

#23 Hesabu Kamili

Haitoshi mkuu. Majaji wana mwiko wa kuvunja tafsiri ya miongo kirahisi, wanasema Bunge likitaka lirekebishe. Mimi bado niko kwenye pesa. Colorado Juni 2020 walitunga sheria ya jimbo: mtu anashtaki kwenye mahakama za jimbo, kinga yenye masharti hairuhusiwi, na askari aliyetenda bila nia njema analipa mwenyewe asilimia 5 ya hukumu au dola 25,000, ipi iliyo ndogo. Hiyo naielewa, kwa sababu imegusa mfuko. New Mexico 2021 wakapita njia nyingine: kinga hakuna, lakini anayeshtakiwa ni taasisi, si askari. Majimbo mawili, nadharia mbili zinazopingana kuhusu nani aumie.

#24 Dereva wa Lori, Nebraska

Colorado napita mara kwa mara. Sijui kama askari wa kule wamebadilika. Ninachojua ni kwamba yule mama wakili angekuwa na mlango mwingine wa kubisha.

#25 Mchungaji Kijana

Mimi naona nyote mnaruka juri. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, Bronx, Februari 1999: risasi 41 zilifyatuliwa, 19 zikampata, mkononi ana pochi. Askari wanne wakaachiwa na juri mwaka 2000. Jiji likalipa dola milioni 3 mwaka 2004. Kinga haikuhusika popote. Watu wa kawaida, majirani zenu, walikaa wakaangalia ushahidi wakasema ni sawa. Na Grand Rapids ni hivyohivyo: teza ilishafyatuliwa mara mbili bila kufanya kazi, juri imeambiwa, na bado wapo waliokubali hofu ya askari. Mnataka kubadilisha sheria gani ili mtu mweusi asiogopeshe kwa kulala kifudifudi?

#26 Wakili wa Pembeni

@Mchungaji Kijana nakubali nusu. Juri inaamua kwa kipimo inachopewa, na kipimo kinaweza kubadilika. Kesi ya Lyoya ilivunjika tarehe 8 Mei 2025. Tarehe 15 Mei, wiki moja baadaye, Mahakama ya Juu kwa sauti moja iliamua kesi ya Barnes dhidi ya Felix. Kijana alisimamishwa Houston mwaka 2016, gari la kukodi lilikuwa na madeni ya ada za barabara. Gari lilipoanza kuondoka askari akarukia kizingiti cha mlango, kisha akafyatua risasi. Mahakama za kanda ile zilikuwa zinaangalia ule mpepeso wa mwisho tu: askari ananing'inia kwenye gari, yuko hatarini, basi. Mahakama ya Juu ikasema hapana, tazameni tukio zima tangu lilipoanza.

Hiyo ni kwa kesi za madai, si za jinai. Lakini ukitazama tukio zima la Grand Rapids, linaanza na namba za gari.

#27 Mama Furaha GR

Linaanza na namba za gari. Asante muzee wakili.

#28 Otieno wa Kondele

Swali la mwisho kabla nilale. Kuna jaji yeyote wa chini aliyewahi kukataa kabisa kuitumia hii kinga?

#29 Wakili wa Pembeni

Jaji Carlton Reeves wa Mississippi, Agosti 2020. Mdai alikuwa Clarence Jamison, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mweusi aliyesimamishwa na Mercedes yake, gari likapekuliwa kwa muda wa karibu saa mbili, hakuna kilichopatikana. Reeves aliandika hukumu ndefu inayopitia historia yote tangu Ku Klux Klan, akaiomba Mahakama ya Juu iizike kinga hii. Halafu mwishoni mwa hukumu hiyohiyo akampa askari kinga kwenye dai la upekuzi. Amefungwa na hukumu za juu yake.

Anayeweza kufungua bila kusubiri majaji ni Bunge. Muswada wenye jina la George Floyd ulipita Baraza la Wawakilishi 2020 na tena 2021. Seneti ukakwama, na kinga hii ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoukwamisha.

#30 Afande Mstaafu

Na mimi ningekuwa seneta ningeukwamisha kwa namna ulivyoandikwa. Nileteeni wa Colorado, askari akilipa kidogo kwa nia mbaya iliyothibitika, nitapiga kura ya ndiyo. Kufuta yote kwa mkupuo, hapana.

#31 Kibwana wa Magomeni

Afande, thibitisho la nia mbaya litaletwa na nani, na kituo kilekile kilichomtuma? Maana Colorado mwajiri wake ndiye anayeamua kama nia ilikuwa njema. Soma tena #18, Mzee wa Mahenge alishakujibu.